Siku Shangazi Zangu Walipounganishwa

Kwenye simu yangu nilikuwa na shangazi kumi na saba. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilipata kumi na sita. Wa damu, dada yake baba, ni mmoja tu na anakaa Mbagala. Wengine wote walikuwa wenye nyumba.

Mie ni dalali wa nyumba. Kijiwe chetu kiko Mtoni, ubavuni mwa duka la vinywaji kwenye Barabara ya Kilwa. Tuna benchi moja na waya mmoja wa kuchajia, ambao mwenye duka anaturuhusu kwa masharti anayoyabadilisha kila akiamka vibaya. Simu zetu zote zinalala hapo pamoja. Ukienda kuswali au kula, yako inabaki inaangaliwa na wenzako, na wenzako wanaiangalia kweli. Ikiita, kwenye kioo kukaandikwa "Mama Tanki Jeupe", aliye karibu anasoma, ananakili, na wiki inayofuata unapita kwenye lile tanki jeupe unakuta mpangaji keshaanika nguo na wewe hujui kaingia lini. Hilo lilinitokea. Aliyenifanyia nakunywaga naye kahawa mpaka leo. Sikumuuliza, naye hakunieleza.

Nilichofanya ni kubadilisha majina. Kila mwenye nyumba wa kike akawa Shangazi, kwa sababu sijawahi kusikia dalali kaiba shangazi wa mwenzake. Ili nisiwachanganye, kila mmoja nilimwekea picha yake. Picha ya geti isingefaa, maana madalali wa Temeke tunayajua mageti kuliko sura za watoto wetu. Nikaweka vitu. Mama wa karibu na msikiti nilimwekea feni, yule wa bondeni papai, mwingine ndala ya bluu niliyoikuta mlangoni kwake. Simu ikiita naona Shangazi na papai, najua ni nani, na aliyekaa pembeni anajua tu kwamba mie ni mtu ninayependwa na ndugu zangu.

Aliyekuwa na picha ya birika alikuwa mama wa Boko, na kwake nilikuwa nimewekeza subira kuliko kwa wote. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa bara, mjane, ana nyumba yake anayoishi na nyingine ndogo uani, vyumba viwili na sebule, maji ndani. Yeye madalali hawapendi. Mara ya kwanza aliniongelesha kupitia tundu la geti kama mtu anayemhoji mwanafunzi aliyechelewa. Nikarudi, nikarudi tena, mpaka siku moja akanifungulia na kunimiminia chai kutoka kwenye lile birika, akaniambia, "Wewe nitakujaribu. Lakini mtu mmoja tu. Ukiniletea mlevi, tumemalizana."

Nikampata mtu. Alikuwa binti karani, anafanya kazi Tegeta, mumewe dereva wa malori ya Tunduma, na yeye mwenyewe ana mimba ambayo ilikuwa imefika mahali pa kushika kiuno kila akisimama. Walikuwa wamepanga Segerea. Nyumba yao ikauzwa, na mmiliki mpya akawapa mpaka Jumapili wawe wameondoka, kwa sababu Jumatatu mafundi wanakuja kubomoa. Jumatano niliwapeleka Boko. Mwalimu akamtazama yule binti, akamletea kiti, na mie nikajua kazi imekwisha, imebaki maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Mwalimu alinivuta pembeni akasema, "Shemeji yangu naye ana mtu wake, ananisumbua. Hawa nimewapenda. Wakajadiliane, halafu wewe unipigie Ijumaa kabla ya saa sita mchana uniambie kama Jumamosi wanaingia. Ikipita saa sita nampa mtu wa shemeji. Sitaki kusutwa na ukoo."

Nikamwambia mwalimu, saa sita mbali, nitakupigia saa tatu.

Hapo niseme kitu ambacho kila dalali anakijua na kila mpangaji anakichukia. Mpangaji na mwenye nyumba hawapeani namba mpaka mambo yaishe. Wakipeana, dalali ameshakuwa mpita njia. Siku ile binti alitoa simu yake kwenye pochi, nikamuwahi: "Usijali sista, kila kitu kitapitia kwangu." Akairudisha. Nilijisikia nimefanya kazi yangu.

Sasa wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata bahati nyingine. Kuna dada mmoja Mhindi, familia yao wanauza vifaa vya ujenzi, wana majengo matatu ya kupangisha upande wa Temeke. Mzaliwa wa hapahapa, Kiswahili chake kinakimbia kuliko changu, na kwenye kupatana bei hujawahi kuona mtu anayenyamaza vizuri kama yeye. Alitaka dalali mmoja wa kuaminika wa majengo yote. Sharti lake lilikuwa moja.

"Majina ya watu wako wote yawe kwenye kompyuta ya ofisi. Kwenye barua pepe. Simu ikiibiwa, kazi isife."

"Dada, mie simu yangu haijawahi kuibiwa."

"Haijawahi bado. Ukiongeza mtu kwenye simu, anaonekana hapa. Mie nikimwongeza hapa, anaonekana kwako. Inaitwa kusawazisha."

Kwa mtu mwenye majengo matatu, hata angeniambia inaitwa kutahiriwa ningekubali. Tukakubaliana kwamba majina yangu yakae kwenye akaunti yangu, neno la siri langu, kwenye programu yao ya barua pepe. Alhamisi alasiri nikaenda ofisini kwao, nyuma ya duka, katikati ya ndoo za rangi na mifuko ya gundi ya vigae.

Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Duara dogo likazunguka kwenye kioo cha kompyuta, tukalitazama mpaka chai ikapoa. Dada akabonyeza tena. Majina yakaja, ila yamekuja mara mbili, kila mtu yupo na pacha wake. Akasema labda simu ina majina yaliyokaa kwenye laini na mengine kwenye simu yenyewe, akazima kitu, akawasha kitu. Yakaja mara tatu. Nikawa na shangazi hamsini na moja. Nilihesabu, kisha nikazidisha kwa kalamu, ikawa hivyohivyo.

Dada akasogeza uso kwenye kioo. "Ukoo wenu mkubwa, braza."

"Babu alikuwa na wake wengi."

"Na huyu shangazi kwa nini ni papai?"

Sikumjibu, kwa sababu hapo programu yenyewe ilileta ujumbe. Kwamba imegundua majina yanayofanana. Kwamba iyaunganishe? Nilikuwa ndio naanza kusoma mstari wa pili, ule ulioandikwa kwa herufi ndogo, nikasikia kidole chake kimeshabonyeza.

"Tayari," akasema. "Safi. Unaona? Hakuna pacha tena."

Kweli hapakuwa na pacha. Alhamisi jioni wao huenda msikitini na familia, akafunga ofisi, nami nikatoka na simu mfukoni nikijisikia mtu wa kampuni. Sikuifungua. Nilikuwa naamini kwamba kitu kilichosafishwa bado ni kilekile.

Ijumaa asubuhi binti alinipigia kwamba wameafikiana, wanaichukua. Saa tatu nikaenda nyuma ya duka la vinywaji, mahali ambapo huwa napiga simu za maana, nikafungua simu kumtafuta birika.

Nikakuta Shangazi mmoja, mwenye picha ya ndala. Nikambonyeza, likafunguka jina moja lenye namba kumi na saba, zimepangwa kutoka juu hadi chini, na kila moja pembeni yake pameandikwa "simu".

Nilizihesabu mara mbili. Safari hii zilikuwa kumi na saba mara zote mbili, na haikunisaidia.

Mtu atasema, namba unaijua kichwani. Nani siku hizi anajua namba kichwani? Mie naijua yangu, ya mama yangu, na ya mtu mmoja niliyempenda zamani ambayo sitaki kuijua. Nikaingia kwenye simu nilizopiga juzi na jana. Zote zimeandikwa Shangazi. Jumatano peke yake nilikuwa nimempigia Shangazi mara nyingi kiasi kwamba mtu angenionea huruma.

Nikavuka barabara kwenda ofisini kwa dada. Alikuwa anauza misumari. Nikamwonyesha simu.

"Sasa si namba zote zipo?" akasema.

"Zipo. Wenyewe ndio hawapo."

"Kwani ni watu wangapi?"

"Dada, kila namba ni mtu wake."

Akaitazama ndala, akanitazama mie, na nikaona anapata picha ya kazi yangu polepole. Sikuwa nimekusudia kumfungulia siri ya kijiwe, lakini ilikuwa saa tatu na nusu na Boko ilikuwa inakwenda. Nikamweleza kila kitu, kuanzia waya wa kuchajia, tanki jeupe, picha, birika, mpaka binti wa Segerea na ile saa sita. Alinyamaza, kama anavyonyamaza kwenye bei.

"Kwa hiyo mie mwenyewe umeniandika nani?"

"Wewe nimekuandika Dada."

"Picha?"

"Dada, tafadhali."

Akakaa kwenye kompyuta. Kwenye programu kuna mahali pa kurudisha majina yalivyokuwa nyuma, akaniambia, hili ni jambo la dakika moja. Pakatokea orodha: saa moja iliyopita, jana asubuhi, wiki iliyopita.

"Tuchague jana asubuhi, kabla hatujagusa."

"Jana asubuhi mie sikuwemo humo."

"Ee?"

"Majina yangu yameingia jana alasiri. Ukirudisha jana asubuhi, si yatakuwa..."

Alikuwa ameshabonyeza. Hicho kidole sijui alilelewa nacho vipi. Duara likazunguka mara moja tu, safari hii kwa haraka ya ajabu, na simu iliyokuwa mkononi mwangu ikatulia. Nikafungua majina. Kweupe. Kimetimia kile tulichokubaliana, kwamba akibadilisha kule kinabadilika huku. Hata mama yangu alikuwa ameondoka.

Mteja akaja akaulizia tepu ya bomba, dada akamwambia subiri baba, kuna msiba. Kisha akarudisha tena mbele, saa moja iliyopita, na majina yakarejea. Mama yangu akarudi, mafundi wangu wakarudi. Shangazi naye akarudi, mmoja, na ndala yake na namba zake zote. Saa nne na dakika tano.

"Basi piga moja moja," akasema dada. "Utamjua kwa sauti."

Kupiga moja moja ni rahisi kulisema. Lakini hawa ni wenye nyumba, na kila mmoja anaamini kwamba mie nimelala na kuamka nikiifikiria nyumba yake. Siwezi kumpigia nikamuuliza, samahani, wewe ni nani. Lazima nimsalimie kama ninayemjua, nisubiri ajitaje mwenyewe kwa malalamiko, halafu nitoke.

Namba ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Afadhali umepiga. Yule kijana uliyeniletea anafungulia muziki wa singeli kuanzia alfajiri. Mie na kisukari changu nacheza singeli?"

Huyu alikuwa papai. Nikamwahidi nitaongea na kijana. Akasema nilisema hivyohivyo mwezi uliopita. Nikamwambia mwezi uliopita niliongea, sasa nitasema. Akataka nieleze tofauti.

Namba ya pili haikupatikana. Namba ya tatu alipokea mwanaume.

"Nani?"

"Shikamoo mzee. Naomba kuongea na mama."

"Mama yupi? Mbona hapa kwenye simu yake umeandikwa Fundi Cherehani?"

Nikakata. Kumbe hata wao wana mambo yao. Nilitaka kufikiria jambo hilo vizuri lakini sikuwa na muda.

Namba ya nne ilipokelewa kabla haijaita sawasawa.

"Nani kafa?"

Huyo alikuwa shangazi wa kweli, wa Mbagala. Nilikuwa sijampigia tangu Iddi.

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Usinifiche. Niambie tu, nimeshakaa."

"Wote wazima. Nakusalimia."

"Ijumaa, saa nne, unanisalimia." Akaacha nafasi ya kunisikiliza ninavyohema. "Umefukuzwa na mkeo?"

"Hapana, shangazi."

"Basi una shida ya hela."

"Sina shida, shangazi. Nimekukumbuka."

Hapo akalainika, na kulainika kwake kukawa balaa, kwa sababu alianza kunieleza habari za goti, toka goti lilipoanza. Sikuweza kumkata. Mtu anayedhani unampigia kumtangazia msiba, halafu ukamwambia umemkumbuka, huwezi kumkata. Dada alikuwa ameegemea mifuko ya gundi ananionyesha saa ya ukutani. Saa nne na nusu ikapita tuko kwenye goti la kushoto.

Namba ya tano ilikuwa sauti nzito ya mama ambaye sikumtambua kabisa. Nikasalimia, akaitikia, akanyamaza. Nikasema, nyumba inaendeleaje mama. Akasema, "Nyumba ipi?"

"Nyumba yako, mama."

"Hivi unajua unaongea na nani?"

"Mama, nitakosaje kukujua."

"Haya, nyumba yangu ina vyumba vingapi?"

"Vya kutosha, mama."

Dada akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Yule mama akaniambia nikimkumbuka nimpigie, na mpaka leo sijui ni nani.

Ndipo dada akaleta wazo lake la pili, na mie, kwa uchovu, nikaliona zuri. Tumtumie Shangazi ujumbe, uende kwenye namba zote kwa mkupuo. Tusitaje nyumba wala mtu. Niliandika hivi: "Shikamoo mama. Naomba unipigie sasa hivi, ni muhimu." Nikausoma mara mbili nikauona mzuri, wa heshima, hauna tundu. Mwalimu atauona, atapiga, nitamjua.

Nikatuma.

Dakika moja haikupita. Simu ikaita: Shangazi, ndala. Nikapokea, ni feni, anauliza kama nyumba yake imeungua. Nikiwa namtuliza nasikia mlio wa simu nyingine inasubiri. Namkata feni, napokea inayosubiri, ni papai, ameshaenda kumgongea kijana wa singeli akidhani ndilo jambo lenyewe, na kijana anataka kuongea na mie. Mlio mwingine. Napokea, ni mzee yuleyule, sasa anataka kujua fundi cherehani gani ana jambo muhimu na mke wake. Mlio mwingine. Nikitazama kioo, Shangazi, ndala. Nikikata, Shangazi, ndala. Shangazi anapiga, shangazi anasubiri, shangazi amekatika. Wote wana sura moja, na mmoja kati yao ana ufunguo wa nyumba ya binti mjamzito, lakini ili nimpate yeye lazima niwapokee wote, na nikimpokea yeyote, yeye atakuta naongea.

Dada alikuwa amekaa ananitazama, mikono kifuani. "Zima simu," akasema.

"Nikizima atanipataje?"

"Ukiwasha anakupata?"

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Nikaanza kupiga hesabu ya kwenda mwenyewe. Kutoka Mtoni, mjini, Mwenge, Tegeta, mpaka Boko, Ijumaa, saa ambayo nusu ya jiji inaelekea msikitini na nusu nyingine inatafuta mahali pa kuegesha. Hata bodaboda mwenye kichaa asingenifikisha. Nilihesabu kwa njia ya juu na kwa njia ya chini. Jibu moja.

"Huyo binti wako anafanya kazi wapi?" dada akauliza.

"Tegeta."

"Tegeta na Boko si hapo na hapo?"

"Ndiyo."

"Nyumba anaijua?"

"Nilimpeleka Jumatano."

"Sasa si aende agonge geti?"

Kila mtu angeliona hilo toka saa tatu isipokuwa dalali. Nilimwelewa vizuri sana. Nilichokuwa nashindwa ni kulitamka. Mpangaji agonge geti mwenyewe, aongee na mwenye nyumba mwenyewe, wakae wawili mezani na lile birika katikati, na mie niko Mtoni nyuma ya duka la misumari. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuzuia jambo hilo hasa.

"Dada, akienda peke yake, mie nakuwa nani hapo?"

"Kwani sasa hivi wewe ni nani hapo?"

Hilo nalo hakulisema kwa ubaya. Ni sauti yake ya kawaida ya kumwambia mteja hiyo bei haipo.

Nikawaza kuhusu Jumapili. Mmiliki mpya wa Segerea nilishamwona, si mtu wa kuongezea watu siku. Binti akikosa Boko, atahamishia vitu kwa watu, mumewe yuko njiani kwenda Tunduma, na mtoto hasubiri dalali apate mtandao. Nikaomba simu ya dada, maana yangu ilikuwa bado inaita, nikasoma namba ya binti kwenye kioo changu kati ya shangazi na shangazi. Yeye nilikuwa nimemwandika Segerea, hakuna zaidi, na hakuna programu iliyopata wa kumfananisha naye.

"Sista, ni mie dalali. Uko kazini?"

"Niko kazini kaka. Vipi, amekubali?"

"Sikiliza. Omba ruhusa, chukua bodaboda, nenda Boko sasa hivi. Gonga geti. Mwambie mwalimu mnaingia kesho. Ufike kabla ya saa sita."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Si ulisema kila kitu kinapitia kwako?"

"Nilisema, ndiyo. Sasa nenda. Mwambie dereva asikimbize, wewe na hali hiyo."

Nikamwachia hiyo namba ya dada anipigie akifika. Halafu nikarudi kwenye yangu, nikaendelea kupokea. Nilimtuliza mama mmoja aliyeanza kufunga mizigo ya mpangaji wake. Mwingine akanishukuru kwa kumjali, akakata kabla hajajua kwa nini. Adhana ya kwanza ya Ijumaa ikalia, dada akateremsha mlango wa duka nusu, wafanyakazi wake wakatoka. Kwa kawaida Ijumaa nakuwa mstari wa mbele. Siku hiyo nilibaki kwenye ndoo ya rangi nikiitazama simu ya mtu mwingine.

Ikaita saa sita kasoro dakika chache. Nikapokea, nikasema, "Sista, umefika?"

"Umefika wewe?" Ilikuwa sauti ya mwalimu, kwenye simu ya binti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeniandikia nikupigie, ni muhimu. Nikapiga, unaongea. Nikasubiri, nikapiga tena, unaongea. Nikasema huyu ana watu wengi, ngoja nimpigie shemeji."

"Umempigia, mwalimu?"

"Nilikuwa natafuta miwani ili nimpigie. Ndipo geti likagongwa. Huyu mtoto kaja na pikipiki kwa hali hii. Wewe ndiye uliyemtuma?"

"Ni mie, mwalimu. Kompyuta ilinichanganyia namba, nikaona..."

"Kompyuta ndiyo iliyokuwa inaongea mara zote mbili?"

Kuna watu ambao ukiwajibu unawapa nafasi.

"Haya," akasema. "Nyumba nimempa. Kesho walete vitu, waje asubuhi jua halijawa kali. Shemeji nitamweleza mwenyewe."

Nilimtazama dada nikamwitikia kwa kichwa kwamba imepatikana. Akaitikia kwa chake, akaanza kukusanya vikombe vya chai. Lakini mie sikuwa nimemaliza, na naomba radhi kwa nilichosema baada ya hapo, ila kazi ni kazi.

"Na ya dalali, mwalimu? Maana ni desturi mpangaji ananipa kodi ya mwezi mmoja."

"Ya dalali ni ya mtu aliyewakutanisha. Leo nani katukutanisha?"

"Mie, mwalimu. Jumatano."

"Jumatano mliangalia. Leo ndiyo tumekutana." Nikasikia anamimina kitu kwenye kikombe, anamwambia binti akae vizuri, anyooshe miguu. "Ana mtoto njiani. Utachukua nusu."

"Mwalimu, robo tatu basi. Nimehangaika toka asubuhi."

"Kuhangaika kwako kumemwongezea nini mtoto huyu? Nusu. Ukiongeza neno tunaanza upya na robo."

Nilihesabu nusu, nikaihesabu tena, nikaona si haba kwa mtu ambaye hakuwepo. Nikasema nusu, mwalimu, Mungu akubariki.

"Na namba yangu unayo?"

"Ninayo, mwalimu."

"Isome."

Nikaitazama simu yangu. Namba kumi na saba zikanitazama. Dada alikuwa amesimama na vikombe mkononi, amesahau kuviweka.

"Mwalimu," nikasema, "naomba unitajie niiandike upya."

Hakucheka wala hakuuliza. Alinitajia taratibu, tarakimu mbili mbili, kama imla. Nikaandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la misumari. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena, na hilo nilikuwa naelekea kulifanya hata asingeniambia. Akakata. Nikashika kile kipande nikalinganisha na orodha kwenye simu kutoka juu. Ilikuwa ya kumi na mbili. Mie nilikuwa nimeishia ya tano.

Dada akaweka vikombe, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akafuta vumbi kwenye vitufe kwa kiganja.

"Haya, nitajie tumtoe humo ndani," akasema. "Tumwandike kwa jina gani?"

Nikamwambia kwanza azime intaneti.